Chupa Iliyokwisha Kuchanganywa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeharibu chupa moja dukani. Dawa ya watoto, antibayotiki ile ya unga. Unatia maji mpaka kwenye mstari, unatikisa, na ikishachanganywa haina kurudi. Mama mmoja aliulizia, nikaichanganya upesi upesi nionekane mchapakazi, kumbe alikuwa anaulizia tu. Akasema atarudi. Hawa wa "nitarudi" watanimaliza!

Chupa ikabaki mezani. Kuimwaga roho inauma, na bosi akiiona atanipigia hotuba mpaka tufunge. Mchana mdogo wangu akapiga simu: Bonge ana mafua, joto limepanda, hataki kulala. Bonge ni mwanawe, miezi minane, mashavu yake huingia chumbani kabla yake mwenyewe. Ampe nini?

Nikaona chupa imepata mwenyewe. Baada ya kazi nikaipeleka. Nikabandua lebo kabisa, maana shemeji ni mtu wa "kwanza hospitali", na hospitali ni foleni kutwa nzima. Akiuliza, waseme ni ya mafua. Kwenye lebo dozi ilipangwa kwa uzito wa mtoto. Hakuna aliyempima. Nikamwangalia tu, nikasema kijiko kidogo, mara tatu. Mama yupo pale tangu mdogo wangu ajifungue, yeye ndiye aliyeshika kijiko. "Nani anahitaji foleni? Tuna Dokta wetu," akasema, wakacheka wote.

Mimi si daktari. Nauza kwenye duka la dawa, na nilichosomea ni miezi michache tu. Jina la Dokta walinipa wenyewe. Najua ni kilemba cha ukoka. Ila kinanikaa vizuri, nisijidanganye.

Alhamisi, 6 Machi

Joto limeshuka! Bonge ananyonya, anapiga kelele, anavuta nywele za watu. Mdogo wangu kanitumia picha. Nimewaonyesha wateja wawili kama vile nimemzaa mimi.

Aliuliza aendelee na dawa? Nikasema hapana, mtoto akipona usimjaze dawa. Ukutani, nyuma ya kichwa changu, kuna bango la bosi: MALIZA DOZI. Nimelifuta vumbi mwenyewe mara ngapi.

Jumapili, 9 Machi

Nilienda kwao mchana. Bonge hayuko sawa. Kainamisha kichwa upande, ukimgeuza analia. Mate yanamtoka, kifua kizima cha nguo kimelowa. Titi analishika, analiachia. Na akivuta pumzi kuna kasauti, kama mtu anayekoroma akiwa macho.

Wote wakaniangalia mimi. Basi nami nikasema. Mate ni meno. Shingo kailalia vibaya, wamkande kidogo na maji ya vuguvugu. Kasauti ni makamasi. Shemeji, ambaye ni fundi wa majokofu, akasema yeye sauti hiyo haimpendezi. Nikamwambia jokofu likikoroma tutamwita. Mama akacheka. Shemeji hakucheka.

Nimerudi nyumbani. Kesho nitapiga simu mapema.

Jumatatu, 10 Machi

Sikupiga mapema. Wao ndio walinipigia, mimi nikiwa nahesabu vidonge vya mzee mmoja. Mdogo wangu hakuwa anaongea, alikuwa analia tu, na nyuma yake nikasikia ile sauti ya Bonge, imekuwa kubwa. Nikatoka na koti la duka mwilini.

Nimewakuta mapokezi ya dharura. Midomo ya Bonge imeiva rangi ya zambarau. Kila akivuta pumzi, pale chini ya koo panabonyea ndani, unaona hewa inagombaniwa. Mama kambeba wima, maana ukimlaza tu anazimika. Nesi kumwona tu alimnyakua, hakuna aliyezungumzia foleni.

Daktari wa koo ni mwanamke mfupi, haongei haraka. Wakampiga picha ya shingo. Akatuita, akatuonyesha: nyuma ya koo, mbele ya mifupa ya shingo, kuna uvimbe. Jipu. Linasukuma njia ya hewa kutoka nyuma. Mafua huweza kuteremsha vijidudu kule, akasema, lakini kufikia ukubwa huu kwa mtoto wa miezi minane si jambo analoliona kila siku. Lazima afunguliwe koo sasa hivi, watoe usaha.

Kisha akauliza. Aliuliza wote, si mimi peke yangu.

"Kabla ya leo, amepewa dawa yoyote? Antibayotiki?"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Shemeji alikuwa hapo. Mimi nilikuwa hapo na koti langu jeupe lenye jina la duka.

"Hapana, daktari," nikasema. "Hajapewa kitu."

Limetoka lenyewe! Sikulipanga. Mdogo wangu akanigeukia, akafunga mdomo. Mama akaangalia sakafu. Daktari akaandika.

Wamemfanyia. Yuko hai. Ana mpira wa hewa, yuko chumba cha watoto mahututi. Usaha wameupeleka maabara. Sijala tangu asubuhi, na sioni kama nastahili.

Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu alinishika kwenye ngazi. Kwa nini nilisema hapana? Nikamwambia atulie. Dawa ile ilishaisha mwilini, siku nyingi. Hapa wanampa za sindano, zenye nguvu zaidi, ile yetu haina maana tena. Kumwambia daktari ni kuleta ugomvi tu na mumewe.

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba bado ananiamini. Akajifuta macho, akasema kilichobaki kwenye chupa ameshamwaga na chupa ameitupa. Nikamwambia kafanya vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Maabara wamerudisha jibu. Hakuna kilichoota.

Daktari alitueleza taratibu. Usaha unapandwa kwenye kisahani, kama mbegu, wanasubiri kijidudu kiote wakijue kwa jina na wajue dawa ya kukiua. Kisahani cha Bonge kitupu. Jipu kubwa vile halikosi mdudu, akasema. Ama ni mdudu wa nadra anayechelewa kuota. Ama ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa ya shingo. Ama mtoto alishapewa dawa ikawaua wale dhaifu, ikawaacha wenye nguvu wamejificha. "Lakini mmesema hakupewa," akasema. Hakuna shari yoyote usoni mwake. Natamani ingekuwepo.

Dukani nimeiuza dawa ile mara ngapi? Maelezo hayo nayajua. Yapo kwenye karatasi ndani ya boksi.

Kisha akauliza nani nyumbani anakohoa.

Mama anakohoa. Anakohoa kila baridi ikianza, tangu tukiwa wadogo, sisi tulikuwa tunajua kafika nyumbani kwa kikohozi chake. Shemeji akamgeukia. Kwa heshima, lakini akamgeukia. Nesi akampa Mama kikopo cha makohozi na barakoa, akamwambia kwa sasa asiingie kwa mtoto. Mama akavaa barakoa kichwa chini, nyuzi zikamshinda, mimi nikamfungia. Akaniuliza kama nimekula.

Kuanzia leo anakaa kwenye benchi la nje, yeye aliyembeba Bonge wima njia nzima mpaka hapa. Watu wanaopita wanaiona barakoa, wanakaa benchi la pili.

Shemeji aliniuliza pembeni, kwa adabu zake zote: Dokta, wewe mtaalamu, huyu mama hukuwahi kumpima? Nikasema tutampima. Ardhi ingepasuka pale ningeingia kwa miguu yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Kaja kijana dukani anataka antibayotiki, vidonge vinne tu, vingine atanunua mwezi ukiisha. Nimemkatia vinne. Nilitaka kukataa. Mdomo ukasema "karibu tena".

Jumamosi, 15 Machi

Leo niliamua. Nikaoga, nikavaa shati la heshima, nikaenda kumwambia daktari. Nimeyapanga njiani maneno yote: mimi ndiye niliyempa, dawa ni hii, nguvu yake ni hii, siku tatu tu kisha nikamkatisha.

Nikamkuta kwenye korido, anakunywa maji. Akanitambua. Kabla sijafungua mdomo akasema anafurahi kuniona, maana kwenye familia nyingi hakuna wa kumwelewa haraka, na sisi tuna bahati ya kuwa na mtu anayezijua dawa. Akaniomba nimsaidie kumweleza Mama kwa lugha rahisi kwa nini anapimwa kifua kikuu, asije akaona anatuhumiwa.

Nikasema nitamweleza. Nikamshukuru! Nikarudi mpaka kwenye benchi, nikakaa na Mama, nikamweleza kwa lugha rahisi. Kwamba ni utaratibu tu, kwamba hakuna anayemlaumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kila mahali, kama mwanafunzi mzuri. Alipomaliza kuitikia akasema, "Sawa, baba. Umeeleza vizuri."

Najichukia. Nimeandika hivyo na nimesoma tena na ni kweli.

Jumapili, 16 Machi

Joto la Bonge limerudi. Walikuwa wanafikiria kumtoa mpira, wameahirisha. Shingo imevimba tena upande wa kushoto. Daktari kaja siku yake ya mapumziko, na kanga kichwani, si wa kutania leo.

Akatukusanya wote mlangoni, hata Mama akaitwa kutoka benchi. Makohozi ya Mama ni safi, akasema kwanza. Mama si mgonjwa. Basi kinachoelekea zaidi ni kimoja, na anauliza mara ya mwisho, hatamfunga mtu, hatamgombeza mtu. Huyu mtoto alipewa dawa? Kwa sababu anachagua dawa gizani, na gizani anaweza kukosea, na koo la mtoto huyu halina nafasi ya makosa mawili.

Mdogo wangu aliniangalia mimi. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai, nikaanza kuikaza kifuniko ambacho kilikuwa kimekazwa.

"Ni mimi," akasema Mama. "Nilimpa kijiko, wao wakiwa hawapo. Niliona mtoto anateseka."

Daktari alitimiza ahadi, hakugomba. Ila nesi hakuwa ameahidi kitu. Akaanza: nyinyi mabibi, mnajitia ujuzi, mnaokota dawa mnawapa watoto wa watu, angekufa je, mngesema karogwa? Mbele ya watu wote wa korido. Mama akasema samahani, mwanangu. Akasema tena samahani. Shemeji akaondoka, akaenda kusimama dirishani akatugeuzia mgongo.

Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwa Mama. Nilikuwa na chupa ya chai.

Daktari akamuuliza dawa gani. Mama akasema ya chupa, ya watoto, jina halijui. Ni kweli halijui. Mama hasomi, na hata angesoma, lebo niliibandua mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Sikwenda kazini. Nimeenda kwa mdogo wangu kumchukua Mama nimpeleke hospitali. Nilimkuta anafua nguo za Bonge, zote, hata zilizo safi. Shemeji alikuwa katoka. Hajamsemesha tangu jana, Mama akasema, lakini chakula alichompikia kala. Alilisema kama habari njema.

Nikamuuliza kwa nini. Hakujifanya hajui nauliza nini.

"Mimi wakinigombeza nitarudi kwangu, yataisha," akasema. "Mimi bibi, bibi husamehewa. Wewe je? Huyu bwana hatakutazama tena. Na mdogo wako utamkosa. Na kule dukani watu watakuamini vipi?"

Nikamwambia lakini daktari anataka jina la dawa, Mama. Rangi, nguvu, siku ngapi. Akakamua kisoksi, akakitundika, akachukua kingine. Akasema basi nimwambie yeye jina, ataliweka kichwani, yeye ndiye atakwenda kulisema.

Nikamwambia.

Ndiyo, nimemwambia! Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtu mzima mwenye ndevu, nikamfundisha mama yangu jina la dawa, silabi kwa silabi, ili akalibebe yeye. Akalirudia. Linamteleza, ni refu, si la mdomo wake. Akalirudia tena akipiga nguo. Nilimsahihisha. Alipolipata nikamwambia vizuri sana.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila msemo haukusema kuhusu anayeficha maradhi ya mtoto wa mwenzake.

Jana hiyo hiyo, akasema, mdogo wangu alilia akamwambia: Mama, tumwache aseme mwenyewe. Mama akamwambia atasema, mpe muda. Nimepewa muda. Mtoto ndiye anayeulipa.

Baadaye

Hospitali daktari hakuwepo, yuko upasuaji. Nesi yule yule akasema tuje kesho asubuhi. Nikashusha pumzi! Nimejisikia nikishusha pumzi.

Jumanne, 18 Machi

Niko kwenye benchi la nje. Mama yuko kushoto kwangu. Bonge wamemrudisha chumba cha upasuaji asubuhi, jipu limejaa tena na limeshuka chini kuelekea kifuani. Mdogo wangu yuko mlango wa chumba cha upasuaji, hataki kukaa. Shemeji kasimama naye, kamshika bega. Mimi sikuthubutu kusogea.

Mama midomo inamcheza. Nilidhani anaomba. Analirudia jina la dawa.

Daktari katoka. Kavua kofia ya upasuaji, nywele zimemlala upande mmoja. Kasema usaha umetoka mwingi, mtoto anapumua kwa mashine, lazima abadilishe dawa sasa hivi na ana uchaguzi wa mbili. Akijua alichopewa nyumbani atajua vijidudu vilivyobaki vimeshindwa na nini, na atajua ipi aiache. Hawezi kungoja kisahani kiote. Kisha akasema, "Bibi, njoo ofisini, tukumbuke pamoja."

Mama akainuka. Nami nikainuka. Nilikuwa nimesimama kabisa, magoti yamenyooka.

Akanishika mkono, akanirudisha chini. "Kaa, baba," akasema. "Nimelishika."

Nimekaa.

Mlango wameuacha wazi kidogo. Naandika ili mkono uwe na kazi. Daktari anauliza pole pole. Mama anaanza jina, anakwama katikati, anaanza upya. Limekuwa jina jingine. Ni la dawa nyingine kabisa, dawa iko kweli, tunaiuza, iko rafu ya juu. Daktari anasema ana uhakika? Mama anasema ana uhakika.

Daktari anauliza: ilikuwa na rangi gani?

Mama anafikiri. Anasema ya pinki.

Haikuwa ya pinki. Ilikuwa ya njano. Nasikia kalamu ya daktari inaandika.